Ua wa Nyuki Sagalla

Treni inayosimama kila kituo hutoka Miritini asubuhi, na ikishapita Mariakani nchi hubadilika rangi. Minazi inakwisha, migunga inaanza, na udongo unakuwa mwekundu, hata tembo wa huku wanafahamika kwa wekundu huo. Abiria wa behewa langu walijazana madirisha ya kulia, upande wa mbuga ya Tsavo Mashariki, kila mmoja na simu yake, wakingoja kumwona tembo bila kulipa kiingilio. Walimwona mmoja, kwa mbali, amewapa mgongo. Mimi safari yangu ilikuwa ya dirisha la kushoto, ambako mlima wa Sagalla huanza kuonekana kabla hujafika Voi. Chini yake kuna mashamba ya watu wanaomwona tembo bure kila msimu, usiku, ndani ya mahindi yao.

Habari za Sagalla nilizisikia zamani, kama wengi walivyozisikia: huko wakulima wanawafukuza tembo kwa nyuki. Ni habari inayopendeza kila inaposimuliwa, mdudu kumkimbiza mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, na magazeti ya nje hayajaichoka. Mimi nilichotaka kujua kilikuwa kingine. Siku hizi miradi ya kuokoa nyuki ni mingi. Tangu Umoja wa Mataifa uitenge Mei 20 kuwa Siku ya Nyuki Duniani, siku iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2018, hotuba na michango haikosekani. Nilitaka kufika mahali ambapo mradi umekaa miaka, mabango yamepauka na wageni rasmi wamekwisha kwenda zao, nimuulize mwenye shamba: hawa nyuki wenyewe wako hali gani?

Kijana wa bodaboda pale Voi aliniuliza, "Unakwenda kwa wale wa tembo au kwa wale wa nyuki?"

"Si ni wale wale?"

"Ni wale wale," akajibu, huku akipangusa kiti. "Lakini wa tembo ni watalii. Nauli yao ni nyingine."

Nikasema ninakwenda kwa nyuki.

Mwenyeji wangu alikuwa mama wa makamo ambaye jina lake nitalihifadhi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akauliza habari za Mombasa na joto lake, kisha neno lililofuata likawa onyo: "Pita huku, mwanangu. Usishike waya."

Kwa kuutazama, ua wenyewe hautishi. Nguzo mbili zimesimama, na kati yake mzinga umening'inia usawa wa kifua, na juu yake kipaa cha kukinga jua. Mbele, kama mita 10 hivi, unakuta kibao cha plaiwudi kilichopakwa rangi ya njano, nacho kinaning'inia: huo ni mzinga bandia. Halafu wa kweli tena, halafu bandia, mpaka umelizunguka shamba. Ekari moja hutaka mizinga 12 ya kweli na 12 ya uongo. Umeme hakuna, betri hakuna. Nguzo kadhaa ni miti mibichi ambayo, baada ya kuchimbiwa, iliamua kuishi ikatoa majani. Waya mmoja unaiunganisha mizinga yote, na hapo ndipo werevu ulipo. Tembo akija hapiti juu ya mzinga, hupita katikati. Kifua chake kinausukuma waya, waya unaivuta mizinga ya pande zote mbili, mizinga inatikisika, na wenye nyumba wanatoka kuuliza kuna nini.

Ngozi ya tembo ni nene, nyuki hana la kuifanya. Lakini kuna pembezoni mwa macho, kuna nyuma ya masikio, na kuna ndani ya mkonga, ambako nyuki akiingia hakuna mkono wa kumtoa.

Jambo hili halikuvumbuliwa maabara. Wafugaji wa Laikipia walikuwa wakisema tembo haivunji miti yenye mizinga, na mwaka 2002 watafiti Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton, mwanzilishi wa shirika la Save the Elephants, waliuandikia ushahidi wa kisayansi usemi huo. Akafuata Lucy King, aliyekuwa akitafuta shahada yake Oxford. Alirekodi sauti za nyuki waliochokozwa akaenda Samburu na Buffalo Springs, akaficha spika karibu na familia za tembo zilizokuwa zikipumzika kivulini, akafungulia. Katika familia 17, 16 ziliondoka kabla ya sekunde 80 kwisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Baadaye yeye na wenzake waligundua kwamba tembo wakisikia nyuki hutoa mngurumo wa namna yake, na tembo wengine wakiusikia mngurumo huo peke yake hutikisa vichwa na kuondoka, hata kama nyuki hayupo. Leo nyua za namna hii zimejengwa katika nchi zaidi ya 20 za Afrika na Asia, lakini Sagalla ndiko zilikokaa na kuchunguzwa kwa miaka mingi.

Nilimuuliza mama swali ambalo lilinikaa tangu kwenye treni. Tembo huja usiku. Nyuki usiku hawaruki. Sasa?

Alicheka. "Na wewe usiku huoni vizuri, lakini mtu akiibomoa nyumba yako utatoka." Kisha akaongeza kwamba wengi hawafiki hata kuugusa waya. Wanausikia uvumi na kunusa harufu, wanasimama, wanazunguka, wanatafuta shamba la mtu asiye na mizinga. Hilo la mwisho alilisema bila fahari, maana huyo mtu asiye na mizinga ni jirani yake.

Utafiti wa miaka tisa wa Sagalla ulitoka mwaka 2024. Tembo karibu 4,000 waliyakaribia mashamba yenye ua wa nyuki, na katika msimu uliofana zaidi 86 katika kila 100 waligeuzwa. Ukiipindua hesabu, katika msimu mzuri kabisa tembo mmoja katika saba bado aliingia, na tembo mmoja akiingia katika ekari ya mahindi hahitaji mwenzake. Mama huyu aliwahi kulala na debe la kupiga kichwani mwa kitanda kwa miaka kabla ya kupata mizinga. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa, lakini mahindi yaliyoliwa leo hayangoji makaratasi. Kwa hiyo mtu akimwambia kwamba ua wake si kamili, yeye hushangaa: nani alimwahidi kamili?

Tukaanza kuizunguka mizinga. Hakuifungua. Alikuwa akiinama, anatega sikio karibu na ubavu wa sanduku, kisha anasema, "Huu una watu." Tunasogea. "Huu una watu, wachache." Tunasogea. "Huu hauna." Wa nne haukuwa na watu. Wa tano ulikuwa na buibui na kile kitambaa cheupe kinachofumwa na nondo wa nta, masega yameliwa yamekuwa vumbi. Tulipomaliza mzunguko, mizinga iliyokuwa kimya ilikuwa mingi kuliko iliyovuma.

Hapo nilikuwa nimefika kwenye jambo langu. Nyuki wa nyanda hizi hawafugwi kwa maana ya ng'ombe kufugwa. Unatundika mzinga, unaupaka nta mlangoni, unangoja kundi lipite lipende. Likipenda linaingia, na siku maua yakikauka na maji yakiwa mbali, malkia anapunguza kutaga, anapungua uzito, kundi zima linaondoka mchana kweupe bila kuaga. Huo si ugonjwa. Ndivyo nyuki wa Afrika walivyookoka katika nchi ya ukame tangu zamani. Ukame wa mwaka 2017 uliishusha mizinga yenye nyuki hapa Sagalla kwa kiasi cha robo tatu, na athari yake ilibaki takriban miaka mitatu. Halafu mvua zikakosekana tena msimu baada ya msimu hadi 2022, mwaka ambao serikali ilitangaza kwamba tembo 205 walikuwa wamekufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Kwa mkulima hiyo ni hesabu yenye ukatili: wakati tembo ana njaa kuliko wakati wote na anatafuta shamba kwa udi na uvumba, ndio wakati mlinzi naye amehama.

Mashirika ya hisani yanapenda mizinga. Siyalaumu sana, kwa sababu mzinga unahesabika. Unapakwa rangi, unaandikwa jina la mfadhili ubavuni, unapigwa picha siku ya kukabidhiwa, na kwenye ripoti ya mwaka unakaa vizuri: mizinga kadhaa imegawiwa, kaya kadhaa zimenufaika. Maua hayaandikiwi ripoti. Hakuna mfadhili anayepiga picha na mgunga ambao haukukatwa. Nimepita vijiji vingi vya Pwani na bara nikaona mizinga ya kisasa, fremu zake zikiwa bado na harufu ya duka, imegeuzwa makazi ya kuku au kiti cha kukalia nje ya duka la mpesa. Wapo waliolisema hili mapema. Bees for Development, shirika dogo la Wales lililoanzishwa mwaka 1993 na Nicola Bradbear, limekuwa likisisitiza miaka yote hii kwamba mzinga wa gogo, mzinga wa bei rahisi anaoujua mwenyeji, si aibu, na kwamba anayetaka kumsaidia mfugaji aanze na msitu na soko kabla ya seremala. Ni ujumbe usiouzika kirahisi kwa wachangiaji, na nadhani ndiyo maana ni wa kweli.

Kabla ya safari hii nilipita Kasarani, Nairobi, kwenye makao ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Wana maabara ya afya ya nyuki iliyofunguliwa mwaka 2014, na kwa hesabu ya Afrika ni ya kujivunia. Nilikwenda na hofu ya Ulaya na Marekani kichwani: kupe wa varoa, yule mdudu mwekundu anayening'inia mwilini mwa nyuki na kuwaambukiza virusi, ambaye huko ameangamiza makundi yasiyo na idadi. Kenya aligunduliwa mwaka 2009. Nilitarajia kuonyeshwa dawa. Badala yake somo nililolipata ni kwamba nyuki wetu, huyu mkali anayelaumiwa kwa ukali wake, anavumilia kupe huyo vizuri zaidi kuliko binamu yake wa Ulaya. Hujisafisha sana, husafisha vifaranga walioathirika, huhama mara kwa mara akamwacha mdudu nyuma. Mfugaji wa hapa hana haja ya kumwaga dawa ndani ya mzinga. Kinachowaua nyuki wetu zaidi kiko nje ya mzinga: viuatilifu vinavyopuliziwa mboga saa ambayo maua yamefunguka, mkaa, na mto uliokauka.

Mama wa Sagalla hajafika Kasarani lakini angeweza kuandika ripoti hiyo. Alinionyesha nyuma ya nyumba mstari wa alizeti uliopandwa sambamba na waya. Wale wa mradi wa Save the Elephants, alisema, sasa wanawahimiza zaidi mazao ambayo tembo hayapendi na nyuki wanayapenda: alizeti, ufuta, pilipili. Hili lilinifurahisha kuliko ua wenyewe. Ni shirika lililokaa mahali hadi likajifunza kwamba sanduku peke yake halimlishi mtu. Kituo chao kipo pale pale, chini ya mlima, na asali ya wakulima hukamuliwa na kuwekwa chupani hapo, ikauzwa kwa nembo inayomwambia mnunuzi kwamba haikumdhuru tembo. Fedha yenyewe si ya kutajirisha. Katika utafiti ule wa miaka tisa, mashamba yote kwa pamoja yalitoa tani moja ya asali, ikauzwa dola 2,250. Gawa kwa wakulima, gawa kwa miaka, utaona kwamba anayekwambia asali ya Sagalla imeondoa umaskini anataka kukuuzia kitu. Asali ni bakshishi. Mshahara ni mahindi yaliyobaki shambani.

Kuna ugomvi mmoja ambao sikuutarajia. Juu mlimani miaka ya nyuma ilipandwa mikaratusi. Mkaratusi unatoa maua mengi, na ukiusema vibaya mkaratusi, mfugaji wa nyuki atakukatiza. Lakini unakunywa maji bila haya, na wazee wa Sagalla wanaulaumu kwa chemchemi zilizopungua. Mlimani huko huko, ndani ya udongo wenye unyevu, anaishi mnyama asiyepatikana mahali pengine duniani, kiumbe wa jamii ya chura asiye na miguu, anayefanana na mnyoo mnene, ambaye wanasayansi walimtambua rasmi mwaka 2005. Wanaomlinda yeye wanataka mikaratusi iondolewe na miti ya asili irudi. Kwa hiyo mtu mmoja aliyechangia pesa nchi za mbali kwa ajili ya nyuki, na mwingine aliyechangia kwa ajili ya yule kiumbe wa chini ya udongo, wanaweza kuwa wanagombania mti mmoja bila kujuana. Nilimuuliza mama yuko upande gani. "Mti wa asili nao unatoa maua," alisema. "Ila hauna haraka, na sisi tuna haraka."

Jioni tulikwenda kulina. Alivaa ovaroli nyeupe, akafunga mikono kwa mpira, akanipa ya pili ambayo mwenyewe alikuwa mfupi kuliko mimi, vifundo vyangu vikabaki nje. Bomba la moshi lilichochewa kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, siri ambayo kila mrina asali ana maelezo yake. Kwa kuwa mzinga uko usawa wa kifua, hakuna kupanda mti, na hilo limewafungulia mlango wanawake katika kazi ambayo zamani ilikuwa ya wanaume wenye kamba na mienge. Alipuliza moshi mlangoni, akangoja, akafungua kifuniko. Uvumi ulipanda daraja moja. Aliinua fremu ya kwanza kwa ncha za vidole, akaitikisa mara moja, nyuki wakaanguka ndani kwa kishindo cha mvua kubwa juu ya bati, akaichungulia kwa tochi yenye mwanga mwekundu. Vyumba vya juu vilikuwa vimefungwa kwa nta nyeupe. Vya chini bado wazi, asali mbichi ikimeta. "Hii bado," akairudisha. Ya pili bado. Ya tatu aliipitisha kwangu, nzito, nikaiweka ndooni.

Nilichomwa kifundoni, bila shaka. Mama aliniambia nikwangue mwiba kwa ukucha, upesi, kabla haujamimina sumu yote. Kisha akaniambia ninuse. Palikuwa na harufu ya ndizi mbivu. Hiyo ndiyo harufu ambayo nyuki huiacha mahali alipochoma ili wenzake wajue pa kulenga, na mwaka 2018 watafiti walichapisha jaribio walilofanya eneo la Kruger, Afrika Kusini: waliitundika harufu iliyotengenezwa ya namna hiyo karibu na maji, na tembo wengi wakakaribia, wakanusa, wakaondoka zao polepole. Sikuwa na nafasi ya kulisimulia hilo wakati ule. Nilikuwa nikirudi nyuma.

Katika mizinga yote alilina miwili. Mingine yenye nyuki aliifunga bila kuchukua kitu, ingawa mmoja ulikuwa na fremu mbili zilizoiva. Nilimuuliza kwa nini anaiacha fedha. Alisema kiangazi kinakuja, na kundi linalokuta ghala tupu halikai. Yeye anataka likae hadi mahindi yatoke. Amewahi kufundishwa hivyo na watu wa mradi, alisema, ila mumewe marehemu alikuwa akifanya vile vile kwa mzinga wa gogo, bila semina.

Usiku tukala ugali na kunde, akaniambia juu ya kikundi chao. Mfadhili fulani alikuwa ametuma ujumbe akiuliza wanahitaji mizinga mingapi mipya. Wengine kwenye kikundi walitaka waandike namba kubwa, kwa sababu kitu cha bure hakikataliwi. Yeye na wenzake watatu walikuwa wakipinga. Mizinga waliyonayo haijajaa. Wanachotaka ni silanga la kijiji lifukuliwe tope, maana limejaa hadi kiangazi kikianza linashika maji wiki chache tu, na nyuki wanakwenda kugombania matone kwenye bomba la shule, ambako wanawachoma watoto, na mwalimu mkuu amekwisha kutishia kuwachoma moto nyuki hao. Wanataka pia miche, na mtu wa kuilinda na mbuzi miaka miwili ya kwanza. Tatizo, alisema, ni fomu. Fomu ya mfadhili ina nafasi ya kujaza mizinga, ovaroli na mabomba ya moshi. Nafasi ya silanga haimo.

"Sasa mtafanya nini?"

"Tutaandika pembeni."

Mkutano wa kikundi ulikuwa Jumamosi, na katibu alikuwa amekwisha kubandika ajenda kwenye mlango wa duka. Asubuhi nilipokuwa nikingoja bodaboda niliisoma. Silanga lilikuwa la kwanza, zamu za kulinda miche la pili, mbuzi wa mtu fulani aliyetajwa kwa jina la tatu. Mizinga mipya ilikuwa ya nne, na mtu alikuwa ameweka alama ya kuuliza mbele yake kwa kalamu nyekundu.